Mtihani wa Mama Chai

Tangu ile katoni kubwa ilipoletwa ikawekwa kwenye ujia, Kanze hakuwa na raha. Kila asubuhi aliizunguka kwa ufagio, na kila asubuhi alisimama akayasoma upya maandishi ya ubavuni, kana kwamba huenda yamebadilika alipokuwa amelala. Hayakubadilika. Ndani mlikuwa na mashine ya chai, ya umeme, yenye bomba lake mbele ili kila mtu ajimiminie mwenyewe akitaka. Na kazi ya Kanze katika ofisi ile ya kutoa mizigo bandarini, pale Ndia Kuu, ilikuwa ndiyo hiyo, kuwachemshia watu chai na kuwamiminia. Miaka kumi na mmoja. Hata asingeandikiwa barua angeelewa, lakini barua nayo ililetwa: kuanzia mwisho wa Juni, mwaka huo wa tisini na nne, huduma zake hazitahitajika tena.

Wiki hiyo hiyo Jacinta, binti wa mapokezi aliyekuwa akipokea simu, akatangaza kwamba anaolewa na anamfuata mumewe Kisumu. Makao makuu Nairobi wakasema nafasi yake iko wazi kwa mfanyakazi yeyote wa Mombasa atakayepita mtihani wa Kiingereza cha mdomo. Akikosekana, watatafuta mtu wa nje. Kanze akapanda kwa meneja, Bwana Mumo, akaandikisha jina. Bwana Mumo hakuwa mtu mbaya. Alicheka kidogo tu, akaliandika, kisha akasema, "Haya, Mama Chai. Na leo ongeza tangawizi."

Kicheko Kanze alikisamehe papo hapo. Hiyo tangawizi ndiyo aliyoshuka nayo rohoni.

Kusema kweli, kazi aliitaka, lakini zaidi ya kazi alikitaka kiti. Jacinta alikuwa na kiti cha kitambaa cha kijani, chenye kuzunguka, na alikizungusha kutwa nzima kama mtoto, hata hajui ana nini. Kanze hakuwa na kiti katika jumba lile. Jiko lilikuwa chini, ofisi zilikuwa juu, na katikati mlikuwa na ngazi ya mbao ya vidato ishirini na viwili, wima, kama walivyopenda waliojenga nyumba za zamani, watu ambao bila shaka hawakubeba chochote wao wenyewe. Birika lilikuwa la lita kumi. Lilipanda mara tatu kwa siku, na Kanze nalo.

Kiingereza hakikuwa kigeni kwake. Alifika darasa la saba kule Kaloleni, tena kwa alama za kujivunia, na miaka yote hiyo alikuwa akikisikia kikizungumzwa juu ya kichwa chake wakati akimimina. Lakini cha kusikia si cha kusema. Ndiyo maana akitoka kazini, siku tatu kwa juma, akawa anapita Tononoka kwenye ukumbi wa kanisa, kwa Mwalimu Barnabas.

Mwalimu Barnabas alikuwa karani mstaafu wa reli. Alifundisha watu wazima kwa chaki za kuombaomba, na alijua mitihani ya maofisini inauliza nini. "Aina nne za sentensi," alisema siku ya kwanza, akaonyesha vidole vinne. "Ya kutoa taarifa. Ya kuuliza. Ya kuamuru. Ya kushangaa. Mtu akizitambua, kisha akajua kuigeuza hii iwe ile, mtihani umekwisha huo." Mifano yake yote ilikuwa ya treni, kwa sababu treni ndiyo iliyomlea. Treni imefika. Je, treni imefika? Panda treni! Treni iliyochelewa hiyo, jamani! Wanafunzi waliitikia kwa Kiingereza, sauti zikagonga mabati, na Kanze aliyekaa mbele kabisa alikuwa wa kwanza kujibu kila mara.

Isipokuwa kwenye mshangao. Hapo alikwama. Maneno aliyajua, mpangilio aliujua, lakini akisema hutoka mafu, kama anayesoma bei za sukari kwenye ukuta wa duka.

"Bi Kanze," Mwalimu Barnabas alimwambia, "hiyo treni yako imechelewa saa sita nawe huna habari."

"Mwalimu, mimi mtu wa kungoja. Nishazoea."

"Basi siku ya mtihani jifanye hukuzoea."

Tangu hapo ulimi wake haukutulia. Kila alichosikia alikipanga fungu lake, na alichokipanga alikigeuza. Jumapili alipokwenda Feri, wachuuzi walimzunguka kwa ndizi na mayai na karanga, naye badala ya kupita akasimama katikati ya njia kama mkaguzi. Ndizi tamu hizi: taarifa. Mama, huzitaki? Swali. Chukua mbili upeleke nyumbani: amri. Mwanamke mmoja alipomwona amesimama midomo ikicheza, akamtazama mwenziwe na kusema maskini, mzuri hivi, na akili yatoka. Hiyo nayo Kanze aliipanga: mshangao. Kisha akanunua ndizi kwa aibu.

Feri alikuwa amekwenda kumpelekea chakula mumewe, Karisa. Kazi ya Karisa ilikuwa kuyapanga magari yanapoingia kwenye feri na yanapotoka, na kazi hiyo kutwa ni amri tupu. Sogea! Rudi! Kata kushoto! Zima! Akifika nyumbani Tononoka jioni, amri zote zimemwishia. Kwa mkewe alikuwa mpole hata kuomba chumvi aliona haya. Husema tu kwamba mchuzi leo umekuwa na unyonge. Kanze naye huinuka akaleta chumvi. Wameishi hivyo miaka kumi na minane bila mmoja kumwamuru mwenziwe, na hakuna aliyelalamika.

Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani, Kanze alimkalisha mumewe kitandani akampa daftari. Karisa alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na Kanze akajibu akizunguka chumba, kwa sababu kukaa hakuwezi. Hii taarifa. Hii swali. Wakaenda hivyo mpaka Karisa akafika ukurasa wa pili, akasoma sentensi moja, akanyamaza. Alipoinua macho, mkewe alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha maji.

"Mbona waniletea maji?"

"Si umesema nikuletee?"

"Sikusema mimi. Limesema daftari." Karisa akacheka mpaka maji yakamwagika gotini. Kisha akaona mkewe hacheki.

Kanze alikaa chini sakafuni, mara ya kwanza jioni ile. Aliogopa, na alijua anachoogopa. Hakuwa na wasiwasi wa kusahau Kiingereza. Aliogopa kwamba kesho ataingia chumba kile, mbele ya mtu wa Nairobi, na mwili wake utafanya mambo yake wenyewe, vile ulivyozoea kufanya katika jumba lile kwa miaka kumi na mmoja.

"Sikiza, mamake Mbodze," Karisa akasema taratibu. "Kuna gari ukishaliweka lenyewe lataka kurudi nyuma. Dereva hana makosa, ni mteremko. Mimi sigombani nalo, naweka kipande cha mbao nyuma ya gurudumu. Kesho ukikaa kwenye kiti, miguu yako ipitishe nyuma ya miguu ya kiti, uifunge. Ukitaka kuinuka, kiti kitakukumbusha."

"Nitainuka na kiti."

"Basi watakupa kazi ukakibebe."

Akacheka, hatimaye. Lakini usingizi ulikuwa wa kuokota okota.

Ijumaa mtihani ulikuwa uanze saa tatu. Saa tatu ikafika, mtu wa Nairobi hakufika. Basi lake lilipata pancha Mtito Andei. Kanze alikuwa amevaa rinda la buluu la kanisani na leso mabegani. Akashuka jikoni akalisugua birika. Akapanda akachungulia barabarani. Akashuka akalisugua tena, sasa kwa jivu, mpaka likawaka. Saa nne akalijaza maji, akaweka majani na maziwa, akalibandika, kwani mtihani uwe usiwe watu wa juu watataka chai. Jacinta alimwambia akae japo dakika tano. Kanze alimwitikia naam, akapanda tena kwenda kuchungulia.

Saa nne na nusu akaingia Bi Purity, mwanamke mnene mwenye miwani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Kanze akamwamkia, akamuuliza habari za njia, habari za nyumbani, habari za watoto, akampa pole ya pancha, akampelekea kikombe cha chai pamoja na cha Bwana Mumo. Bi Purity alikunywa nusu, akashukuru, akafungua faili. "Sasa mwite huyo Bi Kanze," akasema.

"Ndiye huyu," akasema Bwana Mumo.

Bi Purity akamtazama upya, kuanzia trei hadi uso. Akamwonyesha kiti.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Bwana Mumo atasoma sentensi kutoka kwenye karatasi ya Nairobi, Kanze aseme ni ya aina gani, kisha aigeuze iwe aina nyingine kama atakavyoambiwa. Sentensi ishirini, alama ishirini. Wa kupita apate kumi na tano. Bi Purity ndiye atakayeandika alama. Kuanzia hapo, Kiingereza tu.

"The ship is in the harbour," akasoma Bwana Mumo.

Taarifa. Geuza iwe swali. "Is the ship in the harbour?" Sauti ilitetemeka lakini ilifika. Bi Purity akatia vyema. Nyingine tatu zikapita hivyo hivyo, na Kanze akaanza kuamini.

"Open the window."

Komeo la dirisha lile lilikuwa gumu, lilitaka kugongwa kwa kiganja mara mbili. Kanze akaligonga mara mbili, mabawa ya mbao yakafunguka, mwanga wa Ndia Kuu ukaingia pamoja na mlio wa vikombe vya muuza kahawa. Akageuka. Watu wawili walikuwa wakimwangalia.

"Mama Chai," Bwana Mumo akasema kwa Kiswahili, "nani amekutuma?"

"Wewe, bwana."

"Mimi nimesoma. Kaa."

Akakaa, uso ukimchoma. Bi Purity akauma kalamu, akatia mkasi, alama ya kukosa, mahali pa vyema. Kanze alitaka kuikumbuka mbao ya Karisa, lakini Bwana Mumo alikuwa ameshaendelea, na safari hii haikuwa hata amri. Ilikuwa taarifa, pole kabisa, ya kwamba vikombe ni vichafu. "The cups are dirty." Lakini katika jumba lile nani alihitaji kumpa Kanze amri kamili? Chai imepoa, husema. Sukari haipo. Sakafu ina maji. Wakishasema hivyo hurudi kwenye kazi zao, na kazi nyingine hujifanya.

Alipozinduka alikuwa jikoni. Maji ya mfereji yalikuwa yakimpitia vidoleni, vikombe viwili vimeshasuuzwa, na chai nusu ya Bi Purity, ambayo mwenyewe hakuwa ameimaliza, imekwenda na maji.

Akafunga mfereji. Akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Alitamani kulia, alitamani kutoka kwa mlango wa nyuma akatembea mpaka Tononoka asitazame nyuma, awaachie birika lao na mtihani wao na katoni yao. Kisha akafikiria kile kiti cha kijani, na mtu wa nje atakayekuja kukizungusha. Hasira ikamshika, na hiyo hasira ndiyo iliyompandisha vidato vyote ishirini na viwili, mikono mitupu.

"Samahani," akasema mlangoni. "Naomba tuendelee."

Akakaa, akaipitisha miguu yake nyuma ya miguu ya kiti, akaifunga kama mtu anayefunga mzigo. Na baada ya hapo, jamani, Kanze alijibu! Akitupiwa amri anairudisha swali. Akitupiwa swali analirudisha taarifa. Kuna wakati Bwana Mumo alisoma "Stand up" na mapaja yake yakaruka yenyewe, lakini kiti kikamvuta chini, naye akasema ni amri, akaigeuza vizuri, akameza mate. Vyema vikafuatana mpaka Bi Purity akaacha kumwangalia akawa anaandika tu.

Mwisho ikaja mishangao minne. Mitatu ilitoka mifu, ikatiwa mkasi. Wa nne ukawa huu: Chai ni moto, geuza.

"How hot the tea is," akasema Kanze.

Bi Purity akaivua miwani. "Mama, hiyo chai yako imepoa."

Akajaribu tena. Ikapoa zaidi. Bi Purity akahesabu alama kwa ncha ya kalamu, akahesabu mara ya pili, na ilionekana usoni mwake kwamba alitamani hesabu ikatae. "Kumi na nne," akasema.

Moja. Imepungua moja tu. Kanze hakupepesa macho. Dirisha alilolifungua kwa mkono wake lilikuwa bado wazi, na muuza kahawa alikuwa bado anagonga vikombe vyake kana kwamba hakuna lililotokea.

"Basi, amejaribu," akasema Bwana Mumo, si kwa ubaya. Akaigeuza karatasi ya alama kifudifudi, akafuta jasho shingoni, akajinyoosha kwenye kiti chake. Na kwa kuwa Kiingereza kilikuwa bado mdomoni, akalisema kwa Kiingereza lile alilolisema kila siku saa tano kwa miaka saba. "Bring us tea."

Miguu ya Kanze ilisikia kabla yake. Ikavuta. Kiti kikalia sakafuni. Angeweza kuifungua, ilikuwa kitu cha nusu dakika, na hakuna ambaye angemlaumu. Karatasi imegeuzwa, mtihani umekwisha, mtu anataka chai yake. Kanze alilijua hilo vizuri kuliko wote. Akaibana miguu zaidi, akamtazama Bwana Mumo machoni.

"It is a command," akasema. Akavuta pumzi. Akaligeuza likawa swali. "Will you bring us tea?"

Bwana Mumo akacheka, akangoja mtu amsaidie kucheka, hakuna aliyemsaidia. Akamtazama Bi Purity.

"Umeulizwa swali, Bwana Mumo," akasema Bi Purity. "Na mimi chai yangu haikuisha."

Bwana Mumo akainuka taratibu, akaiweka sawa tai yake kama anayekwenda mkutanoni. Alipofika mlangoni akageuka. Alikuwa meneja wa jumba lile kwa miaka saba, na ilibidi aulize. "Vikombe viko wapi?"

"Viko kando ya beseni, nimeshaviosha. Birika liko jikoni, limejaa, limeshachemka." Kanze hakuinuka.

Wakamsikiliza akishuka. Kanze alihesabu vidato, hakujua kwa nini. Wakasikia mfuniko ukianguka, wakasikia "Aa!" ya mtu aliyeshika mpini wa moto bila kitambaa. Kisha wakamsikia akianza kupanda. Kidato, kituo. Kidato, kituo. Kwenye cha tisa kiatu kikateleza, chai ikamwagika mbaoni, na sauti ya Bwana Mumo ikapaa kutoka kwenye ngazi, sauti ambayo Kanze hakuwahi kuisikia kwake.

"Ala! Birika zito hili, jamani!"

Kanze hakuwa amewahi kulisema neno hilo. Kwa Karisa hakulisema, kwa Jacinta hakulisema, kwa Mungu pia hakulisema, kwa sababu kila aliyemwona amelibeba alilichukulia kuwa jepesi, na yeye mwenyewe akawafuata. Leo kumbe ni zito. Lilikuwa zito siku zote.

"How heavy it is!" akasema Kanze.

Halikutoka kwenye daftari. Lilitoka kwa nguvu mpaka muuza kahawa kule chini akaacha kugonga vikombe, na Jacinta akafungua mlango kuuliza kuna nini. Machozi yalikuwa yakimtoka Kanze wazi wazi na hakuyafuta.

Bi Purity akaifunua karatasi iliyogeuzwa, akatafuta mstari wa mwisho, akaukata ule mkasi, akatia vyema. "Kumi na tano," akasema. "Jumatatu saa mbili, Bi Kanze. Ukae na Jacinta akuonyeshe zile simu."

Bwana Mumo akaingia akihema, birika kwa mikono miwili, tai imelowa. Akaliweka mezani, akaangalia huku na huku, akajigonga paji la uso. Vikombe alikuwa amevisahau. Akashuka tena kuvifuata, na hakuna aliyemtuma.

Chai yenyewe haikuwa na sukari. Kanze aliinywa yote akiwa amekaa, miguu ingali imefungwa nyuma ya miguu ya kiti.